Namba Ikae Sehemu Moja Tu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Asanteni kwa kuja, na wale mliobeba laptopu asanteni zaidi maana leo tutazigusa. Nimeombwa niongee na makatibu, watunza hazina, wanafunzi na wote ambao kazi zao ni kuandika ripoti zenye majedwali, na nimeamua niongelee kitu kimoja tu, jinsi ya kuunganisha jedwali la Excel ndani ya dokumenti ya Word, ili dokumenti iende yenyewe kusoma namba huko zilipo na sisi tuache hii kazi ya kukopi na kupesti kila namba inapobadilika.

Nianze na kilichonikuta mimi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katibu wa kikundi na nikaandika ripoti ya mwaka, kurasa kama 20 hivi, majedwali sita, yote nimeyatoa Excel kwa kukopi na kupesti. Siku mbili kabla ya mkutano mtunza hazina akanipigia, akasema kuna malipo mawili yalisahaulika kaingiza sasa hivi, nikafungua Word nikabadilisha jedwali la michango, nikabadilisha na jumla, nikaprinti nikalala. Nilichosahau ni kwamba ile jumla ilikuwa imeandikwa pia kwenye maneno ya ukurasa wa pili, na ilikuwa kwenye jedwali la mwisho la muhtasari. Mkutanoni mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono, akasema kwa upole kabisa, mwanangu, ukurasa wa pili unasema hivi na ukurasa wa kumi na saba unasema vile, hela yetu ni ipi kati ya hizi? Na ukumbi wote ukanyamaza. Hakuna aliyeiba, hesabu ya Excel ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho, lakini kwa zile dakika watu walitutazama kama wezi, na mtunza hazina ambaye hakukosea kitu ndo alisimama kujieleza. Hilo liliniuma sana na bado linaniuma, ndo maana niko hapa.

Sasa tuelewane kwanza tatizo ni nini. Ukikopi jedwali ukalipesti kawaida, umepiga picha. Ukimpiga mtoto picha leo, mwakani mtoto amekua na picha iko vilevile, huwezi kuilaumu picha. Jedwali ulilopesti jumatatu linabeba namba za jumatatu, halijui kwamba jumatano mtu kaongeza mstari. Na ubaya wa picha za namba ni kwamba hazina tarehe usoni, ya zamani na ya leo zinafanana.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kuingiza jedwali na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ndo hiyo ya kupesti tu. Ya pili ni kupachika, yaani unaingiza faili nzima ya Excel ndani ya Word, ukibofya jedwali mara mbili linafunguka hapohapo na fomula zake. Ya tatu ni kuunganisha, wengi wetu tunasema kuweka linki, ambapo Word haibebi faili, inabeba anwani tu ya mahali faili ilipo pamoja na picha ya mwisho iliyosoma.

Hii ya kupachika naomba niwaonye, na naisema kwa uzito. Unachagua mistari kumi, unaona mistari kumi, unadhani umetuma mistari kumi, kumbe workbuku nzima imeingia ndani ya Word! Shiti zote, hata zile ulizozificha. Kama shiti ya pili ina mishahara ya watu au namba za simu za wanachama, yule uliyemtumia dokumenti anabofya mara mbili na anatembea shiti moja baada ya nyingine. Watu wanafanya hivi bila kujua na siri za watu zinatoka nje. Kwa dokumenti inayotoka nje ya ofisi yako mimi sipachiki, basi.

Haya tuje kwenye linki yenyewe. Jambo la kwanza kabisa, kabla hujakopi chochote, sevu faili yako ya Excel kwa jina lake la kweli na kwenye folda itakayokaa moja kwa moja. Usikopi kutoka kwenye faili ambayo haijasevuiwa, maana Word itaandika anwani ya faili inayoitwa Book1 na kesho hiyo Book1 haipo duniani. Ukishasevu, chagua seli zako, Ctrl+C, iache Excel iko wazi, nenda Word weka kasa pale unapotaka jedwali, halafu bonyeza Ctrl+Alt+V, hiyo ndo pesti speshali. Kinatokea kidirisha, upande wa kushoto kuna vitufe viwili, cha juu ni kupesti na cha chini ni kupesti linki. Chagua cha chini. Watu wengi wanafika hapa wanaangalia ile orodha ya katikati wanasahau kile kitufe cha kushoto, wanabonyeza OK, wanatoka na picha ileile ya zamani wakidhani wana linki.

Sasa ile orodha ya katikati. Hapa ndo pana utamu. Ukichagua objekti ya Excel, jedwali linakuja kama lilivyo Excel, rangi na mistari yake, lakini ni kitu kimoja kama picha, halikatiki kati ya kurasa mbili, na likiwa refu kuliko ukurasa linaishia hewani sehemu ya chini huioni. Kwa hiyo objekti ni ya majedwali mafupi. Ukichagua maandishi yenye mapambo, ile inayoitwa RTF, linakuja kama jedwali la Word kabisa, linavuka ukurasa, unaweza kulipa staili za Word na kichwa cha jedwali kikajirudia kila ukurasa. Mimi kwa ripoti ndefu natumia hii karibu mara zote. Ubaya wake ni kwamba ukilipamba upya kwa mkono, siku likisasishwa mapambo yanaweza kurudi ya Excel, na dawa yake iko kwenye kidirisha cha linki, njia ya kukifikia nitaisema tukifika kwenye folda, humo kuna kisanduku cha kuhifadhi mapambo baada ya kusasisha, kiweke tiki.

Halafu kuna maandishi matupu, na hii nawaomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo ingeniokoa siku ile. Unakopi seli moja tu, seli ya jumla, unaenda kwenye sentensi yako ya ukurasa wa pili, pale unapotaka kuandika "michango yote ya mwaka ni", unafanya pesti speshali, linki, maandishi matupu. Ile namba inakaa ndani ya sentensi kama neno lolote, lakini ni linki. Jumla ikibadilika Excel, sentensi inabadilika, muhtasari unabadilika, jedwali linabadilika, zote zinasoma seli ileile moja. Watu wakisikia kuunganisha jedwali wanawaza jedwali tu, lakini makosa mengi hayako kwenye majedwali, yako kwenye maneno, kwa sababu jedwali kila mtu analikagua na sentensi hakuna anayeikagua.

Tufungue sasa tuone ndani. Kwenye Word bonyeza Alt+F9. Msiogope, dokumenti haijaharibika, mnachoona ni msimbo wa linki kati ya mabano ya mawimbi. Inaanza neno LINK, kisha Excel.Sheet.12, kisha anwani ya faili ikiwa na mikwaju miwilimiwili, kisha jina la shiti na kitu kama R1C1:R12C5. Hiyo R ni mstari na C ni kolamu, maana yake anza mstari wa kwanza kolamu ya kwanza mpaka mstari wa 12 kolamu ya tano. Bonyeza tena Alt+F9 unarudi kwenye jedwali lako.

Na hapo penye R12 ndo penye mtego mkubwa kuliko yote. Mmeona, Word imeshika mstari wa 12. Mtunza hazina akifungua Excel peke yake akaongeza mistari mitatu, jedwali limefika mstari wa 15, Word bado inasoma mpaka 12. Jedwali linasasishwa, linaonekana zuri, limekatwa miguu na hakuna ujumbe wowote wa kosa! Na wa kwanza kukatwa ni mstari wa jumla kwa sababu ndo uko chini.

Msidhani haya ya seli kuishia njiani ni ya wageni wa kompyuta. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti juu ya madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, na utafiti huo ulinukuliwa sana na wanasiasa waliokuwa wanabana matumizi ya serikali zao. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akapewa ile Excel yao, akakuta fomula ya wastani imechukua mstari wa 30 hadi 44 wakati data inafika 49. Nchi tano zimeachwa nje, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Niseme haki, sio kosa hilo peke yake lililobadilisha matokeo, Herndon na walimu wake wawili walikuwa na hoja nyingine kubwa zaidi kuhusu data na namna ya kupima wastani, lakini hilo la seli Reinhart na Rogoff wenyewe walilikubali. Miaka mitatu dunia nzima inasoma, na fomula imeishia 44. Kama imewatokea wao mimi na wewe tunaamini macho kwa nini?

Dawa ya mtego huu ipo na ni rahisi. Nenda Excel, chagua jedwali lote mpaka mstari wa jumla, halafu angalia juu kushoto pembeni ya mahali pa kuandikia fomula, kuna kijisanduku kinachoonyesha jina la seli kama A1. Bofya humo, andika jina, tuseme MichangoMwaka, bila nafasi katikati, bonyeza Enter. Usiposhika Enter jina halikai, hilo mlikumbuke. Sevu. Rudi Word, Alt+F9, futa ile Sheet1!R1C1:R12C5 uandike MichangoMwaka mahali pake ndani ya alama zilezile za kunukuu, kisha bonyeza F9. Kuanzia hapo Word haiulizi mstari wa ngapi, inauliza MichangoMwaka ni wapi, na Excel ndo inajua. Mkiingiza mstari mpya katikati ya jedwali, jina linanyooka lenyewe. Ila muingize katikati kweli, yaani juu ya mstari wa jumla, mkiandika chini ya jumla jina halitafika huko. Kama hamtatoka na kitu kingine hapa leo, tokeni na hili la jina.

Kusasisha ni F9, umesimama kwenye jedwali. Kusasisha dokumenti nzima ni Ctrl+A kisha F9, lakini mjue Ctrl+A haifiki kwenye kichwa cha ukurasa wala sehemu ya chini ya ukurasa wala kwenye visanduku vya maandishi, huko uende mwenyewe. Word pia inaweza kukuuliza ikifunguka, kwamba dokumenti hii ina linki za faili nyingine, je nisasishe? Usibonyeze ndiyo kwa mazoea, hasa kama dokumenti umetumiwa na mtu usiyemjua. Linki ni mlango, na kuna watu walitumia milango ya aina hii kuingiza virusi, ilifika mahali Desemba 2017 Microsoft wakatoa sasisho lililoifunga ndani ya Word ile njia ya zamani ya programu kupeana data, inaitwa DDE. Linki za Excel ninazoongelea bado zinafanya kazi, ila swali la "nisasishe?" lijibiwe na mtu anayejua faili imetoka wapi.

Sasa folda. Hapa naona wengi mtalia. Word inaandika anwani nzima, kuanzia herufi ya diski mpaka jina la faili. Mwaka ukiisha tunafanya nini? Tunachukua folda ya mwaka jana, tunaikopi yote, tunaibadilisha jina kuwa ya mwaka huu, tunafungua Excel mpya tunajaza namba mpya, tunafungua Word mpya tunabonyeza F9, na Word mpya inaenda kusoma Excel ya MWAKA JANA, kwa sababu anwani iliyoandikwa ndani ni ile ya zamani na ile faili bado ipo pale pale. Ingekuwa imefutwa ungepata ujumbe wa kosa ungeshtuka. Haijafutwa, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa. Mimi siku nikikopi folda kitu cha kwanza kabla hata ya kunywa maji ni kwenda kwenye Faili, kisha Taarifa, chini kabisa upande wa kulia kuna sehemu ya kuhariri linki za faili, nafungua naangalia anwani moja moja. Zikiwa nyingi kuna njia ya mkato, Alt+F9 kuonyesha misimbo, kisha tafuta na badilisha, unatafuta jina la folda ya zamani unaweka jipya, badilisha zote, halafu Ctrl+A, F9. Dakika mbili.

Kuhusu kutuma. Dokumenti yenye linki usiitume hivyohivyo kwa barua pepe. Yeye hana faili yako ya Excel, akikubali kusasisha anaweza kupata kosa mahali pa jedwali, na zaidi ya hapo anwani inaonyesha majina ya folda zako na mara nyingine jina lako la kuingilia kwenye mashine. Fanya hivi, sevu kopi kwa jina jingine, kwenye hiyo kopi Ctrl+A halafu Ctrl+Shift+F9, linki zinakatwa, isipokuwa za kule ambako Ctrl+A haifiki, hizo uzikate mwenyewe, na namba zinabaki kama maandishi ya kawaida au picha, ila mjue na orodha ya yaliyomo kama ni ya kujiendesha nayo itaganda, na ndo tunachotaka. Au itoe PDF. Ile yenye linki ibaki kwako, hiyo ndo mashine, unayotuma ni kilichotoka kwenye mashine.

Wale mnaotumia LibreOffice msijisikie mmeachwa. Unakopi Calc kwenye faili iliyosevuiwa, unaenda Writer, Ctrl+Shift+V, unachagua linki ya DDE kwenye orodha, na linki zako zote unaziona kwenye menyu ya kuhariri. Na wale wa Google Docs, ukipesti jedwali kutoka Sheets inakuuliza yenyewe kama unataka kuliunganisha au la, sema ndiyo. Lakini haijisasishi yenyewe, namba zikibadilika kunatokea kitufe juu ya jedwali na mtu mwenye ruhusa lazima akibonyeze. Nimeona timu nzima inasubiri namba mpya zitokee na kitufe kiko pale kinawaangalia.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo dada, sema. ... Dada anauliza, je kama ripoti ya robo ya kwanza imeshapitishwa na kikao, na Excel inaendelea kujazwa, si F9 moja itabadilisha kilichopitishwa? Swali zuri sana, na jibu ni ndiyo itabadilisha, na hilo ni kosa baya kuliko lile langu la siku ile, maana mimi nilikuwa na namba mbili zinazogombana watu wakaona, hapa utakuwa na namba moja iliyobadilika baada ya watu kusaini. Kikao kikishapitisha, linki imemaliza kazi yake. Kama unataka kuishikilia kwa muda, simama kwenye jedwali bonyeza Ctrl+F11, inafungwa na F9 haiigusi, ukitaka kuifungua ni Ctrl+Shift+F11. Lakini kwa kitu kilichosainiwa mimi sifungi, nakata kabisa, Ctrl+Shift+F9, nasevu kwa jina lenye tarehe ya kikao, na ile faili siifungui tena kuiandika. Robo ya pili inaanza na dokumenti yake.

Haya, fungueni laptopu, tuanze na jina. Kila mtu achague jedwali lake mpaka mstari wa jumla, nitapita meza kwa meza.